Sehemu ya Mwisho ya Bantu ba Zamani

Kila Jumapili saa tisa alasiri, mvua inyeshe isinyeshe, Faustin aliwachekesha watu wa Masisi, milimani mwa Kongo ya mashariki. Kwamba Faustin mwenyewe hakuwa ameonekana tangu mwaka juzi, hilo halikumzuia hata kidogo. Sauti yake ilitoka kwenye spika mbili zilizofungwa kwa kamba juu ya ukuta wa mbao, ikawa mara baba, mara mama, mara bibi kizee, mara mtoto wa kike, na watu waliobanana kwenye mabenchi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ni kwa sababu wahenga hawakuwahi kufika kwenye ukumbi wa video wa Kyakimwa.

Kyakimwa, mke wa huyo Faustin, alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, akipokea watu na kuitegea sikio jenereta isije ikazima. Hakucheka. Alikuwa anasikiliza vitu vingine, vile ambavyo wenzake hawakuvijali, nyuma ya sauti ya mumewe: mvua juu ya bati la nyumba yao, jogoo wao waliyekwisha kumchinja, kikohozi cha binti yao Kétsia alipokuwa bado na miaka saba. Kwa muda ule mfupi wa Jumapili, nyumba yake ilikuwa tena na watu watatu.

Hakuzaliwa Masisi. Alizaliwa upande wa Butembo, kwa Wanande, watu ambao ukiwatupa porini mikono mitupu, wiki ijayo utakuta wamefungua duka na wanakuuzia sabuni. Alikuja akiwa na miaka kumi na tisa kumsaidia kaka yake Maurice, aliyekuwa na duka la vitenge, chumvi na betri. Faustin, Mhunde wa milimani, mtoto wa wakulima wa maharagwe, alianza kuja kununua betri za redio. Alikuja Jumatatu, akaja Jumanne, akaja Jumatano. Mwisho Maurice akamwuliza kama huko mlimani kwao wanazila.

Walioana, na kila upande ukanung'unika kwa zamu yake. Wanande walisema yule kijana ana domo kubwa kuliko shamba lake. Wahunde walisema mwanamke wa dukani atalimaje, atapima maharagwe kwa mizani yakiwa bado ardhini? Kyakimwa akashika jembe, akalima, akawanyamazisha. Kuhusu domo la Faustin hakubishana na mtu, maana ilikuwa kweli.

Barabara zilipozidi kuharibika kwa vita, Maurice alifunga virago akarudi Butembo, akawaachia lile jengo la duka. Hapo ndipo domo la Faustin lilipopata kazi. Walinunua televisheni kubwa, jenereta na mabenchi, wakaziba madirisha kwa magunia, na duka likawa ukumbi wa video. Maonyesho yalikuwa ya mchana tu, kwa kuwa jioni kila mwenye akili alitaka kuwa ndani kwake mlango umefungwa.

Filamu yenyewe Faustin aliiokota sokoni mjini Sake, kwa muuza diski aliyetandika mali yake chini karibu na wanawake wa samaki. Kwenye karatasi ya juu kulikuwa na picha ya mzee wa Asia, mwenye kanzu ndefu na kofia ya ajabu, ameinama anaisujudia friji. Faustin alicheka palepale njiani, akainunua. Ilikuwa ni vichekesho vya televisheni, sehemu thelathini na mbili, juu ya familia moja ya zamani sana: baba, mama, bibi kizee na binti mdogo. Usiku wa dhoruba walikimbilia ghala la mchele, radi ikapiga, na walipofungua mlango watoke, wakajikuta wametokea kwenye ghala la duka kubwa la siku hizi. Mlango ukajifunga nyuma yao. Tangu hapo wakawa wanahangaika katika dunia isiyo yao, wakisubiri ule mlango ufunguke tena. Baba alilipelekea basi la abiria majani ya kula. Bibi kizee aliwasalimia watu wa kwenye televisheni na kukasirika kwamba hawamwitikii.

Faustin aliwaita Bantu ba Zamani, ndiyo watu wa zamani kwa Kiswahili cha huko. Baba akawa Papa Zamani, mkewe Mama Zamani, bibi kizee akawa Koko, na yule binti akampa jina la Kétsia, kwa kumpendeza binti yake. Lugha waliyosema hakuijua hata neno moja, na hapakuwa na maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Haikumsumbua. Kila sehemu aliitazama kwanza bila sauti, mara nne, mara tano, akiwa ameusogeza uso wake karibu na kioo.

"Sura njo inasema," alimwambia Kyakimwa. "Muntu akikasirika, hata akuwe wa mbali namna gani, sura yake inakasirika mu Kiswahili."

Basi akawasemea, palepale ukumbini, kwa maikrofoni. Aliwatia midomoni bei ya maharagwe, matope ya barabara, ugomvi wa wakwe, na hakuna aliyeuliza kama ndivyo wale watu walivyosema kweli. Sifa zikafika Sake, na wenye kumbi za huko wakataka nao. Ndiyo sababu Faustin akaanza kujirekodi kwa simu nyumbani, chumbani, blanketi likiwa limefunika dirisha na Kétsia akiwa amekatazwa kukohoa, jambo lililomfanya akohoe zaidi. Sauti na picha za kila sehemu akaviunganisha kwenye kadi yake ndogo ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha, na Darius, dereva wa pikipiki, akapeleka nakala Sake.

Lakini hata akirekodi chumbani peke yake, Faustin hakuacha kuzungumza na watu wake wa Jumapili. Aliwajua nani anakaa wapi. Katikati ya maneno ya Papa Zamani ungesikia: "Mwalimu Paul, amuka, hii si mahubiri!" Au: "Mama Solange, ule mutoto analia, mupe ziwa." Au tena, kwa kaka yake mkubwa ambaye kila mara alisimama nyuma na kofia yake pana ya wachunga ng'ombe: "Kaka Evode, toa kofia, bantu habaone!" Siku ya kuonyesha, maneno yaliangukia palepale yalipotakiwa, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Mwaka juzi, mwanzoni mwa mvua za Septemba, wachimba madini wa upande wa Walikale walituma neno. Walikuwa wamesikia kadi moja, sasa walimtaka mwenye domo mwenyewe, aje awachekeshe wiki moja, ana kwa ana. Kyakimwa hakuipenda ile safari. Alisema njia ile haina mwenyewe. Faustin akamwambia njia zote hazina mwenyewe, ndiyo maana watu wanapita. Jioni ya kuamkia safari alijifungia chumbani arekodi sehemu ya thelathini na mbili, ya mwisho, ili Jumapili atakayorudi aionyeshe mwenyewe. Alfajiri akapanda nyuma ya pikipiki ya Darius, begi mgongoni, akapunga mkono bila kugeuka kwa kuogopa kuanguka.

Darius alirudi baada ya siku tisa, kwa miguu, peku. Alikaa kwenye benchi la mbele la ukumbi mtupu akaeleza. Walisikia risasi mbele, kisha risasi nyuma. Walitupa pikipiki. Yeye alikimbilia upande wa mto, Faustin upande wa msitu.

"Niliita, Mama Kétsia," alisema. "Niliita mpaka nikaogopa sauti yangu."

Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu, mpaka leo. Kyakimwa alikwenda parokiani. Aliandikisha jina kwa Msalaba Mwekundu. Alishuka Sake, akaenda mpaka Mubambiro, akasimama kando ya barabara siku tatu akiangalia uso wa kila mwanamume aliyeshuka kwenye lori akitokea upande wa Walikale. Alirudi na vumbi. Kétsia alimwuliza kama amemwona baba, akasema bado, na lile neno "bado" likawa ndilo jibu lake kwa kila mtu.

Jumapili moja watu waligonga mlango wa ukumbi. Walisema maisha ni magumu, walau wacheke. Kyakimwa, kwa kutaka wamwache tu, alichomeka kadi ya sehemu ya kwanza. Sauti ya mumewe ilipotoka, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Tangu siku ile hakukosa Jumapili hata moja. Sehemu moja kila wiki, moja mpaka thelathini na moja, kisha akaanza tena moja. Ya thelathini na mbili aliificha ndani ya kopo la majani ya chai. Watu walipomwuliza ya mwisho itaonyeshwa lini, alijibu, "Mwenyewe atakuya kuiweka."

Na sauti ikaendelea kuwasalimia watu ambao hawapo. Mama Solange alikuwa amekimbilia Goma na watoto wake, hakuna aliyejua anaishi kambi gani. Mwalimu Paul alikufa kwa mapafu. Mara ya kwanza Faustin aliposema "Mwalimu Paul, amuka!" baada ya mazishi, mtu mmoja alitoka nje kulia. Mara ya pili mzee mmoja akajibu polepole, "Amelala muzuri, Papa Faustin." Ikawa desturi. Faustin aliita, na ukumbi mzima ukamwitikia kwa niaba ya asiyekuwepo, na yule wa kwenye spika akaendelea na vituko vyake kana kwamba amesikia.

Ndipo Evode akaja. Alikuwa ameacha kuja ukumbini tangu mdogo wake apotee, na siku hiyo aliingia katikati ya maonyesho, akasimama nyuma kusubiri yaishe, kwa kuwa alikuwa na ujumbe wa ukoo. Hakujua ni sehemu gani inayoonyeshwa. Papa Zamani alikuwa anabishana na mashine ya kuuzia soda. Ghafla spika zikasema, "Kaka Evode, toa kofia, bantu habaone!"

Evode akavua kofia.

Aliivua upesi, kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akiivua miaka yote. Watu waliogeuka nyuma walimwona ameishikilia kifuani, mdomo wazi, halafu uso wake ukabadilika kuwa wa majivu alipotambua ni nani amemwamuru. Wengine walicheka. Kyakimwa hakucheka, na Evode alitoka nje akamsubiri chini ya paa hadi watu wote walipoondoka.

"Shemeki," alisema, "hii kintu haiko muzuri. Muntu wa kufa hapashwe kutuma bazima."

"Nani alikuambia amekufa?"

 Evode alieleza alichotumwa. Katika ukoo wao, mtu akipotea asipatikane, hawamwachi hivihivi. Wanakata shina la mgomba la kimo chake, wanalivika nguo yake, wanaweka pamoja nalo kitu alichokipenda, wanalizika na kulilia, kisha wafiwa wananyoa nywele na maisha yanaanza tena. Bila hivyo aliyepotea hana pa kulala na waliobaki hawana pa kulilia. Mama yao, Mama Marie, hajanyoa karibu miaka miwili. Ukoo ulitaka kufanya kilio. Na kitu cha kuweka ndani ya mgomba ulikwisha kukichagua: zile kadi.

Kyakimwa aliwaka. "Munataka nizike mugomba? Mugomba njo ulinioa?"

"Tunataka mama alie," Evode alisema. "Amemeza kilio siku mingi. Itamuua."

"Basi alie. Mimi sina kilio. Bwana yangu iko njiani."

Evode alivaa kofia yake akapanda mlima. Si mtu mbaya Evode, msimwone hivyo. Alikuwa na mama anayekauka na mdogo wake asiye na kaburi, na asingeweza kumsaidia yeyote kati yao bila kumuumiza huyu wa tatu.

Baada ya mwezi hivi alikuja Mama Marie mwenyewe. Alishuka kwa miguu, fimbo mkononi, nywele zake nyeupe zimesimama kichwa kizima, kikongwe ambaye maisha yake yote alikuwa amenyolewa safi. Hakuwahi kuingia ukumbini. Alikuwa akisema televisheni ni mambo ya watu wasio na maharagwe ya kupalilia. Kyakimwa alisimama apambane, maneno yakiwa tayari mdomoni. Mama mkwe akamshika mkono tu.

"Sikukuya kugombana, mutoto wangu. Nilikuya kusikia mutoto wangu."

Akakalishwa benchi la mbele, Kétsia pembeni yake. Sauti ikaanza. Kikongwe hakutazama skrini. Aligeuza kichwa akaitazama spika, akawa anatikisa kichwa kidogo kila Faustin alipobadilisha sauti. Alipoigiza Koko, bibi kizee wa kwenye filamu, Mama Marie alitabasamu, maana alitambua kwamba ni yeye anayeigizwa. Kisha onyesho likaisha, watu wakatoka, naye akabaki amekaa.

"Anasema muzuri," alisema. "Anakulaka wapi?"

"Nini, Mama?"

"Nakuuliza, anakulaka wapi? Miaka mbili anasema, anasema, kila siku ya Mungu. Sijasikia amekula. Sijasikia amelala." Akamgeukia mkwewe, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Muntu mwenye hakule na halale, ule haiko muzima, Kyakimwa. Na haiko mwenye kupumzika. Tumemufanya nini?"

 Kwa karibu miaka miwili Kyakimwa alikuwa amejibu maswali ya watu wote kwa neno moja, na swali hili halikukubali "bado". Alikaa chini karibu na yule mama, na kwa mara ya kwanza akasema kile alichokuwa anakificha: kwamba kadi moja haijasikika. Faustin aliirekodi usiku wa mwisho. Labda humo amesema kitu. Labda alijua. Siku zote alikuwa akiwaahidi watazamaji kwamba Bantu ba Zamani watarudi kwao, wote wanne, salama.

"Tusikie kwanza neno yake ya mwisho," alisema. "Akisema tungoje, nitangoja mpaka nizeeke. Akisema ingine, nitawapa kadi."

Habari ilizunguka soko lote. Jumapili iliyofuata ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye matope, wakichungulia pale gunia lilipotoboka. Mama Marie alikaa mbele na Kétsia. Evode alisimama nyuma, na safari hii kofia aliiacha nje kwenye msumari, kwa tahadhari. Kyakimwa alitoa kadi kwenye kopo. Ilinukia majani ya chai. Aliichomeka, akarudi kwenye kiti chake cha mlangoni.

Ilianza kwa raha. Koko alikuwa amejifunza kupanda ngazi za umeme na hakutaka kushuka. Faustin alikuwa katika ubora wake. Watu walicheka hadi benchi moja likavunjika, wakacheka tena. Halafu kwenye skrini mawingu yakajikusanya, radi ikapiga juu ya duka kubwa, na ule mlango wa ghala, uliokuwa umefungwa sehemu thelathini na moja, ukafunguka kidogo, mwanga ukipita kwenye ufa. Familia nzima ikaukimbilia. Papa Zamani akainua mkono kuwazuia.

"Nyinyi mubaki kwanza," ilisema sauti ya Faustin, taratibu, bila mzaha. "Nitaenda kuangalia kama njia iko muzuri. Nikifika, nitawaita."

Mama Zamani akamshika kanzu.  Na hapo, kutoka mbali, nyuma ya sauti, nyuma ya mvua ya bati, mwanamke akaita:

"Baba Kétsia! Kuya kula! Chakula inapoa!"

Ilikuwa sauti ya Kyakimwa. Ilikuwa changa, yenye haraka na hasira kidogo, sauti ya mwanamke ambaye ugali wake uko tayari na hana shida nyingine duniani. Aliisikia akashika ukingo wa kiti. Alikumbuka yale maharagwe. Alikumbuka kwamba aliita mara moja tu, na kwamba Faustin alikuja.

Faustin wa kwenye spika alicheka. "Munasikia, bantu bangu? Munande anaita. Nisipoenda sasa hivi, chakula yangu atapatia jirani. Nasimama hapa kwanza. Hii ingine nitamalizia nikitoka Walikale." Halafu kwa sauti kubwa, akiwa ameshageuza uso: "Ninakuya!"

Kiti kikasogea. Mlango ukalia. Basi.

Hapakuwa na zaidi. Yale maneno ya kigeni, ambayo siku zote Faustin aliyafunika, yakapanda juu na kuujaza ukumbi, nayo hayakuwa na maana kwa mtu yeyote. Kwenye skrini Papa Zamani aliingia kwenye mwanga, na mlango ukafungwa. Binti mdogo akaupiga kwa ngumi, akaupiga, akaupiga. Kisha ilikuwa siku nyingine, jua linawaka, na Mama Zamani alikuwa anaandaa meza. Aliweka mabakuli manne. Mvuke ulipanda kutoka kwenye mabakuli yote manne, na viti vitatu tu vilikuwa na watu. Binti akauliza kitu. Mama akanyanyua uso, akafungua mdomo.

Kétsia aligeuka nyuma. "Mama," aliita, "banasema nini?"

Watu wote wakageuka. Kyakimwa aliona nyuso zao, na ya Evode, na ya Darius aliyekuwa amechuchumaa kando ya ukuta, na kichwa cheupe cha Mama Marie ambacho peke yake hakikugeuka. Maikrofoni ya Faustin, ile ya siku za kusemea ukumbini, ilikuwa juu ya meza tangu alipoiacha. Hakuna aliyeigusa, isipokuwa Kyakimwa alipopangusa vumbi. Akaenda akaiwasha.

Angeweza kusema lolote. Hakuna mtu pale aliyejua ile lugha. Angeweza kusema, "Baba yenu atakuja kesho," na ukumbi ungeshangilia, na Jumapili ijayo angeanza tena sehemu ya kwanza. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini Faustin alikuwa amemfundisha kutazama sura, na aliitazama ile sura ya mwanamke wa mbali, kope zake, namna alivyozishika kingo za meza. Aliijua. Alikuwa ameiona kila asubuhi kwenye kioo, na kila asubuhi alikuwa amekataa kuisemea.

"Baba yenu ameenda," alisema kwenye maikrofoni, na sauti yake ikatoka pale ilipozoea kutoka ya Faustin. "Alisema anakuya. Hakudanganya, hakuweza tu. Hatarudi tena, mutoto wangu." Akamtazama Kétsia. "Mukuye tukule. Chakula inapoa."

Kwenye skrini Koko alivuta bakuli la nne upande wake akaanza kula kwa vijiti vilivyogeuzwa, na wimbo wa furaha ukapigwa, kwa kuwa vilikuwa vichekesho. Hakuna aliyeuona mwisho wake. Mama Marie alikuwa amesimama. Aliitupa fimbo, akaweka mikono miwili kichwani, ndani ya zile nywele, na kilio alichokimeza karibu miaka miwili kikatoka chote kwa mara moja. Wanawake wakakipokea. Wa nje kwenye matope wakakipokea nao. Kyakimwa alipiga magoti kwenye sakafu ya mbao na Kétsia akaja kwenye kifua chake, wakalia wote wawili jina moja.

Alhamisi walipanda mlimani. Wanaume walikuwa wamekata mgomba wa kimo cha Faustin, na haukuwa mrefu, maana Faustin urefu wake ulikuwa wa maneno. Waliuvika shati lake la buluu. Katekista alisali. Kyakimwa alichukua kisu akaupasua mgomba mahali pa kifua, akatoa kadi moja baada ya nyingine kwenye kitambaa na kuzitia ndani ya ule unyevunyevu. Ilipobaki ya mwisho, ile yenye harufu ya chai, mkono wake ulisita.

Evode alimwona. "Hiyo unaweza kubakia nayo, shemeki," alinong'ona. "Hakuna muntu atasema kitu."

Kyakimwa aliishika muda mrefu. Humo ndimo alimokuwa anamwita mumewe chakula, na mumewe anaitikia. Hapana mahali pengine duniani yalipobaki maneno yale.

"Hapana," alisema. "Amesema ya kutosha. Sasa akule, alale."

Akaitia. Wakalibana lile pasuo kwa ugwe wa mgomba, wakaushusha mgomba kaburini. Mama Marie, kichwa kimenyolewa kinang'aa, alirusha udongo wa kwanza, Kétsia wa pili. Upepo ulipita kwenye maharagwe na hakuna sauti iliyotoka popote kumwambia mtu yeyote afanye nini. Evode akavua kofia.